Maji ya Mgao na Mtoto Anayeanza Kutambaa

Katika ploti yetu hapa Embakasi, maji hufika mferejini siku mbili kwa wiki, na siku hizo kila nyumba hujaza chochote kinachojazika: pipa, mitungi, ndoo, beseni la kufulia, hata sufuria za sherehe. Niliishi hivyo miaka sita bila kuona humo hatari nyingine isipokuwa mbu, mpaka asubuhi moja nilipomkuta binti yangu wa miezi 13 ameinamia beseni nililolowekea nguo, vidole vya miguu havigusi sakafu na uso umezama majini. Nilimvuta, akakohoa, akatapika, akalia, nami nikaketi pale pale kwenye maji yaliyomwagika kwa kuwa magoti yalikataa kunibeba.

Kilichonikosesha usingizi baadaye ni kwamba sikusikia chochote, ingawa nilikuwa jikoni, hatua tano kutoka bafuni, nikikoroga uji. Sote tumelelewa na methali isemayo mfa maji haachi kutapatapa, na kwa hiyo tunasubiri kelele. Lakini mtoto mdogo hufa maji kimya, kwa sababu pumzi ambayo angelilia nayo ndiyo iliyozibwa. Kichwa chake ni kizito kikilinganishwa na mwili, na mikono yake haina nguvu ya kujisukuma nyuma, hivyo akitumbukia kichwa mbele hawezi kujinasua, hata kama maji hayazidi sentimita chache. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka 2021, karibu robo yao wakiwa watoto wa chini ya miaka 5. Tukisikia hesabu hiyo huwa tunawaza bahari ya Mombasa au Ziwa Viktoria, wala si bafu la nyumba ya kupanga.

Kumwambia mkazi wa Nairobi asiweke maji ni mzaha, kwa hiyo nilibadilisha namna ya kuyaweka. Maji mengi sasa yamo katika mitungi ya lita 20, ambayo mdomo wake ni mwembamba kiasi kwamba kichwa cha mtoto hakipiti. Pipa lina mfuniko wa kukaza kwa kuzungusha, kwa maana ule wa kufunika juu juu mtoto huusukuma, au huuegemea ukapinduka naye. Ndoo ya kumwagia chooni, ambayo kwangu ndiyo ya kuogopwa zaidi kwa kuwa hukaa wazi mchana kutwa, imefungiwa ndani kwa komeo lililopigwa juu ya mlango, mahali ambapo hata mtoto wa miaka minne hafiki. Nguo hazilali tena zimelowekwa, na beseni likishatumika humwagwa na kufudikizwa.

Hata hivyo, komeo halimtazami mtoto. Siku ya wageni ndiyo nyumba hujaa macho na mtoto akakosa mlezi, kila mmoja akidhani shangazi yupo naye. Tumekubaliana nyumbani kwamba anayetoka humkabidhi mtoto kwa mtu mmoja kwa jina, naye aitikie. Dada anayenisaidia kazi alicheka mwanzoni, sasa ndiye anayenikumbusha.

Kwa watoto wakubwa hatari iko nje. Huku mashariki mwa jiji, upande wa Njiru na Kayole, kuna machimbo ya mawe ya kujengea ambayo mvua za Machi hadi Mei huyajaza, na likizo ya Aprili huangukia papo hapo. Kingo zake zimekatwa wima, kwa hiyo anayeingia hana mahali pa kukanyaga akitaka kutoka, na mwenzake anayeruka kumwokoa huishia naye humo. Kijana wangu wa miaka kumi nimemkataza kwenda, lakini kwa kuwa najua marufuku ya mzazi huishia langoni, nimemfundisha pia kwamba akiona mtu anazama asiingie majini, bali aite watu wazima na kumrushia kamba, fito, au mtungi mtupu uliofungwa kifuniko, ambao huelea na kumshikilia.

Jambo ambalo sikulijua asubuhi ile ni la kufanya iwapo mtoto hapumui. Asining'inizwe miguu juu wala kukamuliwa tumbo ili maji yatoke, kama majirani wengi wanavyohimiza. Alazwe chali mahali pagumu, kidevu kiinuliwe, apuliziwe pumzi tano, kisha akandamizwe katikati ya kifua mara 30 kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, apuliziwe pumzi mbili, na kuendelea hivyo bila kukoma, huku mtu mwingine akipiga 999 au 112. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hufundisha mambo haya kwa vitendo, nami nilijifunza hivyo, kwa kuwa nguvu ya mkono haijulikani kwa kusoma. Na mtoto aliyeopolewa apelekwe hospitalini hata akiwa anacheka, maana mapafu yaliyoingia maji yanaweza kuanza kumsumbua saa kadhaa baadaye. Wangu alizuiliwa huko hadi jioni, akiangaliwa jinsi anavyopumua.