Mleta mada, rudisha hiyo koili na hiyo ekstensheni ya njia sita kabla hujapanda basi la Mbeya

Mdogo wangu, salamu baadaye. Umeandika kwamba umepangiwa chuo Mbeya, mwaka wa kwanza, umepata kitanda hosteli ya ndani, na unauliza ubebe nini, ulale kitanda cha juu au cha chini, upike au ule kantini, laptop uifiche wapi, na rumeti mkorofi anaishiwaje. Maswali mazuri. Halafu mwishoni kabisa, kama jambo dogo tu, ukaongeza kwamba umeshanunua koili ya kuchemshia maji ya kuoga na ekstensheni ya njia sita ya "hevi dyuti" ili wote wanne mle chumbani mchomeke. Hapo nimeacha chai inapoa.

Sheria ni moja: kitu chochote kinachotoa joto hakiingii kwenye ekstensheni. Birika, pasi, raisikuka, jiko la umeme, draya ya nywele, kama hosteli yenu inaviruhusu, kila kimoja kinaenda soketi ya ukutani, peke yake. Na koili haiendi popote. Mengine yote unayouliza ukikosea utalalamika wiki mbili yaishe. Hili ukikosea unaunguza godoro la wenzako, laptop za wenzako, na unapewa barua ya kufukuzwa hosteli, hiyo ni kama una bahati.

Hesabu yake ni ya darasa la saba. Kila kifaa kimeandikwa wati zake mgongoni au chini ya kitako. Gawanya kwa 230, ambazo ndizo volti za umeme wetu, unapata ampea. Koili ya wati 1,500 ni ampea 6.5. Birika la wati 1,850 ni ampea 8. Pasi ya 1,200 ni 5 na ushee. Raisikuka ya 700 ni 3. Sasa geukia waya wa ekstensheni. Ubavuni huwa kuna maandishi madogo: 3 x 0.75, au 3 x 1.0, au 3 x 1.5. Tarakimu ya kwanza ni idadi ya nyaya zilizomo ndani, ya pili ni unene wa shaba kwa milimita za mraba. Wa 0.75 unabeba ampea 6, wa 1.0 unabeba 10, wa 1.25 unabeba 13, na wa 1.5 unafika 15. Ekstensheni nyingi za bei ya kutupa ni 0.75, na nyingine ziko chini ya hapo ila hazikuandikwa kitu. Kwa hiyo koili yako peke yake, kabla rumeti hajachomeka hata simu, imeshaumaliza waya. Akija mwenzako na pasi ni karibu ampea 12 ndani ya waya wa 6. Na joto la waya halipandi taratibu kama mnavyofikiri: ampea zikiwa mara mbili, joto linakuwa mara nne.

"Lakini plagi ina fyuzi." Ndiyo, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Fyuzi ya ampea 13 inapitisha 13 mchana kutwa bila kukatika, na ukiisukuma mpaka karibu 20 inaweza kuvumilia nusu saa nzima. Waya wako wa 0.75 utakuwa umelainika zamani. Ukitaka fyuzi ilinde waya huo, toa ile ya 13 weka ya 5. Ikikatika mara kwa mara ujue inafanya kazi yake, na usiizungushie karatasi ya sigara kama wanavyofanya mafundi wa korido. Na breka ya kwenye boksi la bloku, iwe ya 20 au ya 32, iliwekwa ilinde nyaya za ndani ya ukuta, basi. Ampea 12 kwake ni za kawaida kabisa. Waya wako unaweza kuungua chini ya kitanda na breka imekaa kimya, kwa sababu kwa upande wake hakuna kosa lililotokea.

Wauza vifaa sasa. Mimi nina kinyongo nao na sitakificha. Unauliza, "Hii inabeba hita?" Anakuangalia machoni: "Hiyo hevi dyuti, weka hata friji." Hajasoma ubavu wa waya hata siku moja. Na mimi niliuziwa maneno hayo hayo, neno kwa neno, na yule aliyeniuzia hakuwepo siku ya kunusa harufu. Wabaya zaidi ni wakongwe wa bloku, wale wa mwaka wa tatu wanaokwambia "sisi tumetumia miaka yote hapa". Kweli wametumia. Waulize lile doa jeusi pembeni ya soketi lilitoka wapi.

Kama huniamini, nenda na sumaku dukani. Igusishe kwenye pini za plagi. Pini nzuri ni za shaba nyeupe na hazivutwi; zikinata kwenye sumaku ni chuma kilichopakwa rangi, na chuma kinapata moto pale kinapogusana na soketi. Kisha soma ubavu wa waya. Usipoona unene, rudisha. Tafuta 1.25 au 1.5, urefu wa mita mbili au tatu tu, alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), na plagi ya pini tatu yenye fyuzi ndani. Mwombe muuzaji afungue plagi kwa bisibisi mbele yako. Kuna plagi zina pini ya tatu kubwa ya kuvutia, ukifungua ndani unakuta haijaungwa na waya wowote, ipo kwa ajili ya sura. Na ukikwangua ncha ya waya ikang'aa nyeupe mpaka ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba juu: inabeba kidogo kuliko ilivyoandikwa na inakatika kirahisi kwenye mkunjo.

Kwani ekstensheni inafaa nini basi? Inafaa sana. Laptop nne za wati 65, chaji nne za simu, taa ya kusomea ya wati 9 na feni ya 50, vyote pamoja havifiki wati 450, yaani ampea 2. Hapo lala usingizi. Ila usiizungushe waya wake ukaufunga kama kamba ya mbuzi ukauweka chini ya godoro. Waya uliokunjwa hautoi joto lake nje. Usichomeke ekstensheni ndani ya ekstensheni. Na tafadhali sana, acheni ule mchezo wa kusukuma kalamu ya biki kwenye tundu la juu la soketi ili plagi ya pini mbili iingie. Zile pini ni nyembamba, zinacheza mle ndani, na kinachocheza kinatoa cheche. Ukivuta plagi ukakuta pini zina moto wa kuogopa kuzishika, au plastiki imegeuka kahawia, au chumba kinanuka samaki na hakuna aliyepika samaki, hiyo ni plastiki ya soketi inaanza kuiva. Zima, chomoa, ita fundi wa chuo. Usihamie soketi ya pili ukaendelea.

Nije kwenye koili, maana ndiyo iliyonileta hapa. Koili ni waya wa joto uliotiwa kwenye bomba, basi. Haina kitu cha kuizima maji yakichemka, haina kitu cha kuizima maji yakiisha. Nyingi ni za pini mbili, hazina waya wa ardhi wa kupeleka chini umeme unaovuja, kwa hiyo bomba likipata ufa umeme unaingia kwenye maji na unakusubiri wewe uingize kidole kupima kama yamepata moto. Ndoo ya bati ndiyo mbaya zaidi. Ya plastiki nayo inalegea pale koili inapoegemea ukingo.

Lakini hasara kubwa hata haiji ukiwa unachemsha. Inakuja hivi. Asubuhi umechomeka koili, umeme unakatika. Unasonya, unaoga maji ya baridi, unaitoa koili ndooni unaitupa kitandani au juu ya meza, unakimbia kipindi cha saa mbili. Swichi ya ukutani umeiacha imewashwa, maana hakukuwa na umeme, nani angekumbuka? Saa nne umeme unarudi. Koili kavu juu ya godoro la sponji haihitaji hata dakika tano. Mlango umefungwa kwa kufuli, wewe uko ukumbini, na wa chumba cha jirani ndiye atakayeona moshi. Pasi ni hivyo hivyo. Ndiyo maana umeme ukikatika, kazi ya kwanza kabla ya kutafuta tochi ni kuchomoa kila kinachotoa joto. Kuchomoa, siyo kuzima tu. Na mwandikieni rumeti wa mwisho kutoka, karatasi nyuma ya mlango.

Halafu hebu jiulize hiyo koili unaiharakia nini. Unaingia chuo Oktoba, na Oktoba na Novemba ndiyo miezi ya joto Mbeya. Baridi ya kung'ata ni Juni na Julai. Mpaka hapo bumu, yaani pesa ya mkopo ya kujikimu, limeshaingia zaidi ya mara moja. Nunua birika la umeme linalojizima lenyewe, lita 1.7, ila KWANZA soma sheria ndogo za hosteli ulizopewa siku ya usajili, maana hosteli nyingi zinakataza kupika chumbani kabisa na nyingine zinakataza hata birika. Wakikukamata nalo linachukuliwa na unaweza kupigwa faini, na hapo usinitaje. Kama limekatazwa, muulize wadeni maji ya moto yanapatikana wapi na saa ngapi.

Kama linaruhusiwa, fanya hivi. Maji ya bomba ya asubuhi ya Juni tuseme ni nyuzi 15. Birika moja la wati 1,850 linachemsha kwa dakika tano au sita. Chemsha mawili, una lita 3.4. Weka kwanza lita saba na nusu za maji baridi ndooni, ndipo umimine ya moto juu yake. Ukianza na ya moto ndoo inalegea na mvuke unakupiga usoni. Unapata karibu lita 11 za nyuzi 40, na hizo zinamtosha mtu mzima anayeoga kwa kopo. Koili ya 1,500 ingechukua dakika kama 23 kupasha ndoo ya lita 20, na dakika zote hizo ulipaswa uwe umesimama pale unailinda, jambo ambalo hakuna mwanafunzi amewahi kulifanya.

Najua atatokea injinia hapa aniambie ekstensheni ya 1.5 inabeba birika bila shida. Mkuu, ni kweli, na wewe una haki ya kufanya hivyo nyumbani kwako. Mwanafunzi akishapewa ruhusa ya birika, kesho ataongeza pasi kwenye njia ya pembeni, na sheria yenye "isipokuwa" haivuki wiki ya kwanza hosteli. Mkaniite shangazi wa TANESCO, sawa tu.

Ikitokea moto umeanza: zima swichi ya ukutani kama unaifikia bila kupita kwenye moto. Usimwage maji. Mtungi wa unga mkavu au wa kaboni dayoksaidi unafaa kwa umeme. Vuta pini, lenga chini ya moto, siyo kwenye ndimi. Ukiona haujazimika kwa mtungi mmoja, toka, funga mlango nyuma yako bila kuupiga kufuli, piga kelele korido nzima, piga 114, Zimamoto. Laptop iache. Siku utakayohamia, angalia mtungi uko wapi na dirisha lina nondo au halina, na msipange vitanda vikaziba mlango. Na giza likiingia tumieni taa ya kuchaji. Mshumaa usinitajie kabisa. Bweni la Idodi kule Iringa, mwaka 2009, wasichana 12 walifariki kwa moto, na mshumaa ndio uliotajwa kuwa chanzo.

Uliuliza nini tena? Kitanda: chukua kisicho na soketi kichwani, maana soketi ikiwa pale mwenye kitanda cha juu atashusha waya wake usoni mwako kila usiku. Godoro: uliza kwanza kama wanatoa, na kama hawatoi pima fremu kabla ya kununua, nyingi ni futi mbili na nusu kwa sita, ukienda na la futi tatu utalikunja mwaka mzima. Kufuli nunua mbili, ya mlango na ya kabati. Hayo ya rumeti mkorofi na kantini wapo watu hapa watakujibu vizuri kuliko mimi. Wewe niambie duka ulilonunua linarudisha mpaka lini, na waya wa hiyo ekstensheni umeandikwa ngapi ubavuni. Piga picha uiweke hapa.