Ukienda Versailles, vaa raba na uanze na Ukumbi wa Vioo

Jamani mimi miguu inaniuma mpaka leo, na ni siku ya tatu hii tangu nitoke Versailles, ile ikulu ya zamani ya wafalme wa Ufaransa, lakini ukiniambia turudi kesho nakuja. Naandika hapa kwa yeyote anayepanga kwenda Ufaransa kutembea, maana kuna vitu natamani mtu angeniambia mapema.

Kwanza tiketi. Kata mtandaoni, chagua saa ya kuingia, na chukua ile ya asubuhi kabisa, saa tatu. Jumatatu usiende, ikulu inafungwa. Mimi nilikuwa na tiketi ya saa nne na nusu, nikakuta foleni imeshakunjwa kama nyoka kwenye ule uwanja wa mawe mbele ya geti, jua linawaka, na nilivaa viatu vipya vya ngozi, yaani hata sijaingia ndani malengelenge yameshaanza. Vaa raba. Beba na maji. Halafu treni: kutoka Paris panda RER C inayoandikwa Versailles Château Rive Gauche, maana mji ule una stesheni zaidi ya moja zenye jina la Versailles na nyingine zinakuacha mbali na ikulu.

Ndani kuna vyumba zaidi ya 2,000, na ukianza kusimama kila penye dhahabu utachoka kabla hujafika penyewe. Louis wa 14 alihamishia serikali yake pale mwaka 1682, na kila ukuta umetengenezwa kukuambia yeye ni nani. Pita taratibu ila usimalize nguvu zako. Nenda Ukumbi wa Vioo ukiwa akili bado iko sawa.

Huo ukumbi una urefu wa mita 73, madirisha 17 yanatazama bustani na upande wa pili kuna vioo 357. Watu wanapiga selfi, ni haki yao, kweli panapendeza. Ila mimi ni mtu wa Iringa, na nilienda kwa sababu nyingine. Tarehe 28 Juni 1919, kwenye ukumbi huohuo, Wajerumani walisaini mkataba wa kumaliza Vita vya Kwanza vya Dunia, na kwa mkataba huo wakapoteza makoloni yao yote, na yetu ikiwemo, ndiyo baadaye Mwingereza akakabidhiwa Tanganyika na Mbelgiji akachukua Ruanda na Urundi. Na ndani ya mkataba huo kuna kifungu cha 246, kinasema Ujerumani ikabidhi kwa Uingereza fuvu la Sultani Mkwawa, chifu wetu Wahehe, ndani ya miezi sita. Miezi sita! Lilirudi mwaka 1954, na mpaka leo liko kwenye makumbusho ya Kalenga, tulipelekwa kuliona tukiwa shule ya msingi.

Nilisimama pale karibu nusu saa, watu wananipita. Nilikuwa nawaza, mtu wa kwetu, Mtwa, yaani mtawala wetu, aliyepigana na Wajerumani mpaka akajiua mwaka 1898 asije akashikwa, jina lake lilisafiri likaingia kwenye karatasi iliyosainiwa chini ya dari hili lililochorwa sifa za mfalme wa Ufaransa. Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ndio huu, kabla hujaenda soma kidogo, tafuta kitu kimoja kinachokuhusu wewe, ukakitafute hukohuko.

Baada ya hapo toka nje ule. Vyakula vya mle ndani bei imechangamka, beba mkate wako ukale bustanini. Trianon, kule bustanini kwenye nyumba ya malkia Marie-Antoinette, wanafungua saa sita mchana kwa hiyo haina haja ya kukimbilia, na kuna kale katreni kadogo kanakopeleka watu, lipia tu. Mimi nilijifanya natembea, aisee bustani zile hazina mwisho.

Jioni nilikaa pembeni ya ule mfereji mkubwa, viatu nimevua, nikampigia mama Iringa. Kamwene mama. Nikamweleza yote, akanyamaza kidogo halafu akauliza kama jina la Mtwa wameliandika popote mle ukumbini. Nikamwambia sijaliona mama, ila mimi nimelitaja, kwa sauti ya chini, pale dirishani.