Mtoto wa malezi ya kambo: je, nimbadilishe jina?

Dada yangu, umeuliza kama mtoto uliyekabidhiwa na ustawi wa jamii unaweza kumpa jina la mumeo. Usimbadilishe. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 hapa Tanzania, malezi ya kambo, yaani kumlea mtoto wa mwingine uliyekabidhiwa, si kuasili, yaani kumfanya awe mwanao kisheria. Kuasili ni mpaka mahakama iamue. Wewe umlishe, umsomeshe, umtibu, na umpende bila kujibakiza.

Mama yake akiruhusiwa kumwona, usimseme vibaya mbele ya mtoto. Mtoto akirudi kutoka kumwona mama yake akakojoa kitandani, tafadhali usimchape: badilisha shuka, kaa naye. Ukikuta kaficha mkate chini ya mto, mwache. Aliyewahi kulala njaa haamini upesi kwamba kesho kuna chai.

Ukitaka kumwasili, zungumza na afisa ustawi kwanza, kabla hujamwahidi mtoto chochote.