Nepi za Kanga: Nilishindwa kwa Mtoto wa Kwanza, Nikaweza kwa wa Pili

Ijumaa iliyopita nilikunja nepi 26, nikazitia kwenye sanduku la bibi yangu pamoja na kipande cha udi, nikalifunga. Mwanangu wa pili ana mwaka 1 na miezi 8, na sasa akibanwa anasema mwenyewe. Pampasi alivaa tukisafiri kwa boti kwenda Unguja tu. Hapa nyumbani Wete, Pemba, hakuivaa hata siku moja. Nilipokwisha kulifunga sanduku nilikaa kitandani nikalia, kwa sababu nilimkumbuka dada yake.

Kwa yule wa kwanza nilianza hivi hivi. Nilichana kanga zangu za zamani, nikazipinda, na baada ya arubaini nikaanza kumvisha kwa fahari. Hata miezi 3 hakuifikisha, akatoka vipele. Ngozi ilimwiva, akiguswa na maji analia mpaka sauti inakauka. Wakati huo kulikuwa na harusi upande wa mume wangu. Mama mmoja wa makamo akampokea mtoto, akamfunua mbele ya wanawake wote ukumbini, akasema: "Mtoto anaungua hivi, na pampasi zimejaa madukani?" Sikumjibu. Nilirudi nyumbani nikazitupa nepi zote. Miaka 6 sasa, na maneno yale hayajanitoka.

Huyo mtoto alikua na pampasi. Sitaki kuieleza sana miaka ile. Pesa zilikwenda, taka zikajaa.

Nilipopata mimba ya pili bibi alikuja kukaa nami. Mtoto alipozaliwa, siku ya kwanza aliponikuta nafua nepi aliniondosha kwenye beseni. Mimi nilikuwa natia nepi zote pamoja, namwaga sabuni ya unga nyingi, nafikicha, kisha nasuuza mara moja kwenye beseni jengine na kuanika. Bibi akaniambia, "Mjukuu wangu, hapo hujatoharisha kitu. Hiyo najisi unaizungusha tu."

Alikuwa anafikiria swala. Katika madhehebu yetu ya Shafi, maji machache yakiingiwa na najisi nayo yananajisika, kwa hivyo nguo haitumbukizwi ndani ya beseni ikatoka safi. Unaondosha kwanza uchafu wenyewe, unafua, halafu unaimiminia maji juu yake, yapite yaende zake. Bibi alikuwa na kata yake ya kifuu na alimimina bila haraka, anakamua, anamimina tena. Hata mkojo wa mtoto wa kiume ambaye hajaanza kula, ambao sheria inatosheka kwa kuurushia maji, yeye aliufua.

Wiki ya tatu ndipo nilipofahamu. Mtoto ngozi yake laini, hana hata kipele kimoja. Kanga ni za aina ile ile, kisima ni kile kile. Kisima chetu kina maji ya munyu, sabuni haitoi povu, na mimi zamani nikiona povu halitoki naongeza sabuni. Sabuni ile ilikuwa inabaki kwenye kitambaa. Mtoto akikojoa inarowana, inakaa juu ya ngozi yake usiku kucha. Binti yangu aliunguzwa na sabuni yangu mwenyewe, na hakuna mtu pale harusini aliyeniuliza nafua vipi.

Kwa hivyo dada yangu unayesoma, jambo la kwanza ni kusuuza. Choo kimwage chooni hapo hapo, usikiache kikakauka. Nepi za mkojo ziweke kwenye ndoo yenye kifuniko. Tumia sabuni ya mche, kidogo. Kisha mimina maji mpaka vidole visisikie utelezi wowote. Ukiwa na maji ya mvua, yaweke kwa mmimino wa mwisho. Sabuni ya kulainisha nguo usiitie kabisa, inakifanya kitambaa kisinywe maji, na mafuta ya mgando yakizidi hufanya hivyo hivyo. Kanga mpya nayo hainywi mpaka ifuliwe mara nyingi, wanga utoke. Kanga moja inatoa vipande 4, na usiku unaongeza kipande cha taulo katikati.

Jua ndilo linaloondosha madoa. Tatizo ni masika. Kwetu Pemba tumezaliwa tunakimbilia karafuu zilizoanikwa wingu likifunga, basi nepi nazo huanuliwa hivyo hivyo. Niliongeza vipande 10 kwa ajili ya miezi hiyo, na zilizobaki na unyevu nilizipiga pasi. Nepi yenye ubichi usimvishe mtoto. Na vipele vikiingia kwenye mikunjo ya mapaja, vikakaa siku 2 au 3 bila kupungua, mpeleke kituo cha afya, usisubiri dawa za majirani.

Nawaambia na waume pia. Mume wangu alichota ndoo 4 kila alfajiri kabla hajatoka. Mwanamke aliyetoka kujifungua hawezi kuchota, kufua na kunyonyesha peke yake, na anayemwambia atumie nepi za kitambaa bila kumletea maji anamdhulumu. Tumche Mungu katika hili. Visiwa vyetu vilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, bara wakafuata 2019, na bado ukishuka kwenye mikoko utakuta pampasi zimenasa kwenye mizizi. Anayezitupa pale ni sisi wazazi. Nami nilizitupa.

Bibi alifariki mtoto akiwa na miezi 11. Wifi yangu anatarajia kujifungua baada ya Ramadhani, na ameshaniomba nepi. Nimemwambia sanduku lilipo, na kata ya bibi nimeiweka juu yake.