Darasa la Bure la Watu Wazima Lifuate Kazi Zao

Wanaotaka kuanzisha darasa la kisomo mtaani mara nyingi huniuliza kwanza kuhusu vitabu, kisha kuhusu mfadhili. Mimi huwauliza wanafunzi wanaowatarajia wanafanya kazi gani na hurudi nyumbani saa ngapi. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikijitolea pamoja na majirani zangu hapa Moshi kuwafundisha watu wazima, baadhi kusoma na kuandika, wengine Kiingereza, na madarasa niliyoyaona yakifa yalikufa kwa sababu yalipangiwa ratiba ya shule ya watoto.

Wanaume wengi wanaokuja kwetu ni wagumu, yaani wapagazi wa Mlima Kilimanjaro. Safari moja huchukua kati ya siku tano na nane kutegemea njia. Aliyepanda kwa Marangu hurudi mapema kuliko aliyezungukia Lemosho, na akishuka leo huenda akaitwa tena keshokutwa. Mtu wa namna hiyo ukimpa somo linaloanza Jumatatu na kukamilika Ijumaa, hatalimaliza kamwe. Ndiyo maana kila kipindi chetu hujitegemea: anayeingia leo baada ya wiki mbili za kutoonekana anapata kitu kizima cha kuondoka nacho. Mambo mazito tunayaweka Aprili na Mei, wakati wa masika, kwa kuwa wageni hupungua na darasa hujaa hadi madirishani. Kuanzia Juni madawati huwa wazi, na mwalimu wa kujitolea asiyeijua kalenda ya mlima hukata tamaa akidhani watu wamechoka kusoma. Kina mama wa sokoni nao wana kalenda yao, na siku ya gulio usimtarajie hata mmoja.

Jambo la pili ni kutenganisha makundi mapema, tena kwa siri. Karibu kila mtu anayejiandikisha husema amekuja kujifunza Kiingereza, kwa sababu Kiingereza hakina aibu. Ukimpa karatasi ya Kiswahili aisome, atakwambia miwani ameisahau nyumbani. Sentensi hiyo nimeisikia hata kwa vijana wenye macho makali kabisa, na nimejifunza kutoibishia: namsomea mwenyewe, kisha baada ya kipindi namwita pembeni na kumwambia kuna kundi dogo linalokutana kabla ya wengine. Asiyejua kusoma Kiswahili chake, ukimwandikia maneno ya Kiingereza ubaoni, unampa mizigo miwili kwa wakati mmoja, nao wapagazi wanajua vizuri mzigo uliozidi una matokeo gani.

Vitabu vya kiada vinafaa, lakini makaratasi ambayo mwanafunzi anayo mfukoni yanafaa zaidi. Kwa mgumu, ni ile karatasi ya malipo na bakshishi, au tipu kama wenyewe wanavyoiita, ambayo husaini mwisho wa safari. Tunaichora ubaoni ikiwa na safu zake zote: jina, idadi ya siku, kiasi, sahihi. Aliyezoea kuweka dole gumba hujifunza kwanza kulitambua jina lake kwenye orodha, kisha kuisoma tarakimu iliyo mkabala nalo kabla ya kushika kalamu. Mizani ya kwenye geti la mlima huja baadaye, ili aweze kuona mwenyewe kama mzigo wake umevuka kilo 20 zinazoruhusiwa. Kwa kina mama tunatumia ujumbe wa pesa kwenye simu. Mama mmoja muuza ndizi alizoea kumpa mjukuu wake simu amsomee kila ujumbe. Ule wa kwanza alioumaliza peke yake ulikuwa wa matapeli, ule maarufu wa «ile hela tuma kwenye namba hii». Aliusoma kwa sauti, herufi kwa herufi, kisha akauliza ni hela ipi. Darasa zima lilicheka, na kipindi kilichobaki tukakitumia kuchambua jumbe za aina hiyo.

Wazee kadhaa wa kundi la kisomo si wageni wa ubao. Serikali iliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na Kilimanjaro ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizotangulia katika kampeni ya kufuta ujinga iliyofuata. Walijua kusoma wakati huo, kisha wakasahau kwa kukosa cha kusoma. Kwa hiyo hakikisha mtu anaondoka na kitu cha kusoma nyumbani, hata kama ni gazeti la juzi.

Kiingereza tunakifundisha kwa masikio kwanza. Mpagazi anahitaji kumuuliza mgeni kama kichwa kinamuuma au anasikia kichefuchefu, kuelewa jibu, na kulifikisha kwa mwongozaji haraka. Tarakimu zinataka mazoezi ya peke yake, maana kumi na tano na hamsini kwa Kiingereza husikika karibu sawa, na tofauti yake kwenye tipu si ndogo.

Kuhusu adabu, mimi huwaamkia wanafunzi walionizidi umri kwa shikamoo kabla ya kushika chaki, na simwiti mzee ubaoni isipokuwa amejitolea. Kalamu nyekundu tuliiondoa kabisa.

Moshi haikosi wageni wanaokuja kujitolea kwa wiki mbili tatu. Wapokeeni, lakini wapeni mazungumzo tu. Kila mgeni akiachiwa darasa huanza upya na salamu, na nina wanafunzi waliokwisha kujifunza kujitambulisha kwa wageni wengi kuliko wanavyoweza kukumbuka. Rejista, kisomo na mpangilio wa masomo vibaki kwa wenyeji ambao mwezi ujao bado watakuwepo.

Chumba tulikiomba kwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi baada ya saa za watoto, na ofisi ya mtaa ikaarifiwa kwa barua, kwa sababu mkusanyiko wa jioni usio na maelezo huzua maneno, hasa karibu na uchaguzi. Ada hatutozi, ila kila mtu hujinunulia daftari na kalamu. Daftari alilolinunua mwenyewe mtu halisahau nyumbani.

Wapo watakaotaka kuendelea, kwa mfano mpagazi anayetamani siku moja kuwa mwongozaji. Waelekezwe kwenye Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, au kwa afisa elimu ya watu wazima wa halmashauri. Ambaye hakusoma sekondari anaweza kufanya Mtihani wa Maarifa, kisha Kidato cha Nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Tafuteni mapema tarehe za kujiandikisha na kuzibandika mlangoni, kwa sababu aliye mlimani wiki ya mwisho ya usajili hatapata wa kumjazia fomu.