Maswali ya taazia: umri, saa na neno "hayati"

Safari hii maswali yote yanahusu taazia za viongozi na watu mashuhuri.

Mzee Ali Hassan Mwinyi alizaliwa 1925, akafariki 2024. Mbona wengine waliandika miaka 98 na wengine 99?

Ni 98. Alizaliwa 8 Mei 1925 na akafariki 29 Februari 2024, kabla siku yake ya kuzaliwa haijafika. Anayepata 99 ametoa mwaka kwa mwaka bila kutazama mwezi. Kosa hilohilo humzeesha Mkapa hadi 82 (alikuwa 81) na Magufuli hadi 62 (alikuwa 61). Toa mwaka kwa mwaka, kisha punguza moja kama siku ya kuzaliwa ilikuwa bado. Mwalimu Nyerere, 13 Aprili 1922 hadi 14 Oktoba 1999, hapunguzwi: 77. Piga hesabu hata kama familia imeshakutajia umri, maana wengi husema "miaka 80" kumbe mtu alikuwa ndiyo kwanza anaingia wa 80.

Mwaka usiojulikana haubuniwi. Bi Kidude alifariki 17 Aprili 2013 akiaminika kuvuka miaka 100, na hakuna aliyekuwa na hakika ya mwaka aliozaliwa. Hata Jomo Kenyatta, mwaka wake ni wa kukadiria. Andika "inakadiriwa", kisha endelea na habari.

"Usiku wa kuamkia Ijumaa" ni Alhamisi au Ijumaa?

Hapa ndipo tarehe nyingi hupotea. Kifo cha Mkapa kilitangazwa kuwa kilitokea usiku wa kuamkia Ijumaa, 24 Julai 2020. Usiku huo ulianza Alhamisi tarehe 23, jua lilipozama. Kikalenda, kilichotokea kabla ya saa 6 usiku ni cha tarehe 23, na cha baada ya hapo ni cha 24. Pwani kuna mtego wa pili: mzee akisema "usiku wa Ijumaa" huenda anamaanisha ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, kwa kuwa kwake siku huanza magharibi. Basi muulize msemaji wa familia waziwazi: kabla ya saa 6 au baada? Asipojua, acha "usiku wa kuamkia" kama ulivyo. Maneno hayo yanasema kweli bila kukulazimisha kuchagua.

Saa nazo zina visa vyake. Mwinyi alifariki saa 11:30 jioni. Anayeiandikia habari hiyo gazeti la Kiingereza aandike 5:30; akiacha 11:30, kifo kimehamia karibu na usiku wa manane. Kama kifo kimetokea ughaibuni, tazama na majira. Mwalimu alifia London mwezi Oktoba, wakati saa za kule zilikuwa nyuma ya zetu kwa saa 2. Ingekuwa Desemba, zingekuwa 3.

Hayati na marehemu vina tofauti gani?

Uzito tu. Marehemu, yaani aliyerehemiwa, humfaa kila mtu. Hayati kwa mazoea huwekewa wakubwa: Hayati Karume, Hayati Sokoine. Kinachokera ni "hayati marehemu" kwa mpigo, au "mwaka 1985 hayati Mwinyi aliapishwa kuwa Rais". Siku ile alikuwa hai, tena amesimama! Litaje mara moja mwanzoni, halafu tumia jina.

Familia inataka mazuri matupu. Tufanyeje?

Familia ina tanzia yake, yaani tangazo la kifo, na wasifu wa kusomwa msibani. Humo iseme itakavyo. Taazia ya gazeti ni kitu kingine. Mauaji ya Pemba ya Januari 2001 yalitokea Mkapa akiwa Rais, naye mwenyewe aliyataja kwa majuto katika kumbukumbu zake zilizotoka 2019. Ukiyaruka unakuwa mwoga kuliko marehemu. Yaweke katikati ya habari, sentensi mbili au tatu zenye mwaka na mahali, bila kivumishi.

Wakati mwingine doa ndilo linaloonyesha sifa. Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa mambo ya ndani kwa sababu ya watuhumiwa waliofia mikononi mwa polisi Mwanza na Shinyanga, ingawa si yeye aliyewagusa. Tukio hilo moja linazidi aya nzima ya "mchapakazi, mnyenyekevu, mpenda watu". Maneno ya namna hiyo yasiyo na tukio nyuma yake, futa. Ugomvi wa mirathi nao uache, mpaka ufike mahakamani.

Lazima kutaja ugonjwa?

Si lazima. Ukitaja, mtaje na aliyesema: saratani ya mapafu ya Mwinyi ilitangazwa na Rais Samia. "Baada ya kuugua kwa muda mrefu" nayo ni taarifa, inahitaji mwenyewe.

Kumbukizi ya aliyefariki 29 Februari huandikwa siku gani?

Siku ambayo familia imetangaza, iwe 28 Februari au 1 Machi. Tarehe ya kifo haiguswi ili ilingane na shughuli. Tarehe 29 yenyewe itarudi 2028.