Mlio wa ajabu kwenye injini: uliza kwanza, spana baadaye

Vijana mnaoanza gereji, hii ni yenu, hasa nyie mnaopokea hizi IST, Vitz, Probox na Corolla za kitambo ambazo zimeshatembea kilomita laki mbili na kitu na mwenyewe bado anaitegemea kila siku. Gari inaingia inalia, mwenye gari ana wasiwasi, na wewe unataka uonekane unajua, sasa hapo ndo watu wanapoharibu. "Konrodi hiyo bosi, tafuta injini" ni maneno yanayotoka kirahisi mno kwa mtu ambaye hajauliza hata swali moja (konrodi ni kile chuma kinachounganisha pistoni na kranki, yaani mhimili mkuu wa injini).

Mi nikipokea gari inayolia, kabla ya kufungua boneti namkalisha mwenyewe namhoji. Mlio umeanza lini, ulianza ghafla au umekuja taratibu, unatoka asubuhi injini ikiwa baridi au mpaka ichemke, unatoka ukiwasha AC, ukikata kona, ukipanda mlima? Na swali ambalo wengi hawaulizi kabisa: kabla mlio haujaanza gari ilifanyiwa nini mara ya mwisho? Mtu atakwambia haijafanyiwa kitu, ukimbana kidogo anakumbuka aah, ilibadilishwa plagi wiki ile, au ilishushwa gea boksi.

Alikuja dada mmoja na IST ya otomatiki inagonga chini kweli kweli, ko ko ko, gereji aliyotoka wameshampigia hesabu ya injini ya mtumba na kumfungia. Kumhoji akasema gea boksi ilishushwa kubadili sili ya nyuma ya kranki iliyokuwa inavuja oili. Nikamwambia awashe, akanyage breki, atoe N aweke D. Mlio ukabadilika pale pale. Konrodi haina sababu kubwa ya kujali umeweka gea gani, lakini ile sahani nyembamba inayounganisha kranki na tok konveta (inayopeleka nguvu ya injini kwenye gea boksi) inajali sana. Tukafungua kava la chini, boliti za tok konveta zimelegea, moja unaizungusha kwa vidole. Tukakaza, kimya.

Baada ya maswali ni oili, na simaanishi kuangalia stika ya sevisi, namaanisha dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili. Injini ya 1NZ-FE, ile ya cc 1497 iliyojaa kwenye hizi gari, inachukua kama lita 3.7 ukibadili na filta, kwa hiyo ikipungua lita moja na nusu hapo hamna kitu tena. Ina cheni ya taimingi (inayozungusha kamshafti, mhimili unaofungua valvu), na kikaza cheni chake kinasukumwa na presha ya oili, ndo maana oili ikiwa kidogo au chafu asubuhi unasikia krrrr mara tu ukiwasha kisha inapotea. Ukisikia hiyo usikimbilie cheni kabla hujaweka oili sahihi na filta nzuri. Na kwa wale wanaosema "tapeti za haidroliki zimekufa" kwenye 1NZ, jamani haina hizo, tapeti zake (vikombe vinavyosukuma valvu) ni za kawaida, klirensi, yaani mwanya wake, inapimwa kwa fila geji, vile visahani vyembamba vya kupimia mwanya.

Halafu sikiliza mwendo wa mlio. Kamshafti inazunguka mara moja wakati kranki imezunguka mara mbili, kwa hiyo tik tik nyepesi ya haraka lakini iko nusu ya mwendo wa injini mara nyingi iko juu, kwenye valvu. Mlio mzito wa kugonga unaozidi ukipiga resi, au ukiachia mafuta ghafla, huo uangalie chini. Bisibisi ndefu sikioni inasaidia lakini usiiamini peke yake, chuma kinabeba sauti, unaweza kusikia kelele kali kwenye kava la valvu na kumbe mwenye makosa ni beringi ya alteneta.

Kwa vitu vya belti njia ni rahisi. Mwagia belti maji kidogo, ukelele ukibadilika basi ni belti au kikaza chake. Usiporidhika toa belti kabisa, washa injini sekunde chache tu, zima. Chache kweli, sababu kwenye hii injini wota pampu nayo inaendeshwa na belti hiyo hiyo. Mlio ukipotea zungusha puli moja moja kwa mkono, beringi iliyochoka utaihisi inakwaruza.

Tik tik ya asubuhi inayopotea ikichemka, angalia gasketi ya manifoldi ya eksozi, ikipata joto chuma kinatanuka kinaziba mwanya. Tafuta masizi meusi pale inapotoroka moshi. Na gusa bati la kukinga joto la eksozi (gari ikiwa baridi tafadhali), bati lililolegea limeshauza injini nyingi sana mjini hapa.

Ikibaki konrodi ndo chomoa waya wa injekta (inayopuliza petroli) moja moja wakati injini inawaka. Mlio ukipungua sana kwenye silinda fulani, umeshaipata. Mi napendelea kuchomoa waya wa injekta kuliko koili ya cheche maana petroli isiyoungua haiendi kwenye eksozi. Mwaga oili kwenye beseni safi, kata filta, fungua karatasi yake juani uone kama inang'aa vipande vya chuma. Usitegemee sumaku tu, vyuma vya beringi za konrodi vingi havishikwi na sumaku.

Kingine, shati la mikono mirefu, cheni ya shingoni, nywele ndefu, vyote mbali na belti, na feni ya rejeta ni ya umeme, inaweza kuwaka hata umezima injini.

Ukishathibitisha ni konrodi zima gari hapo hapo. Atakwambia naipeleka nyumbani taratibu tu fundi, mkatalie, ita gari la brekidauni, maana konrodi ikikatika inatoboa bloku, na injini ambayo ingetengenezeka inakuwa chuma chakavu kabla hajafika mataa.